Boriti za Unguja zilivyoniumbua

Sogezeni viti. Juma hili sina wa kumsengenya. Wa kusengenywa ni mimi mwenyewe, na bora niseme mapema kabla hamjaisikia kwa wengine, maana mashahidi wapo watatu na mmoja wao ana mdomo.

Wengi mnanijua kwa kujigamba. Mimi mtoto wa mjini, nimekulia Mtoni kwa Aziz Ali, hakuna uchochoro wa Temeke nisioujua. Hilo la kukulia ni kweli tupu. Lakini kukulia ni kukulia na kwao mtu ni kwao. Kwetu mimi ni Mchukwi. Unatoka Mbagala Rangi Tatu, unaishika Barabara ya Kilwa, Mkuranga unaiacha nyuma, unakwenda na mikorosho na minazi kulia na kushoto mpaka unaingia wilaya ya Kibiti. Huko ndiko alikozikwa babu yangu mzaa baba, na huko ndiko aliko shangazi.

Sasa nilikuwa naficha nini? Si unajua tena mambo ya mjini. Ukisema Rufiji, wa kwanza atakuuliza tunguri umeacha wapi, wa pili ataanza kuiga lafudhi yenu ili watu wacheke. Halafu kati ya 2015 na 2017 jina la Kibiti likawa halitajwi redioni bila habari za mauaji, basi hata wale waliokuwa wakitutania wakaacha kututania, wakawa wanatutazama tu. Nikaona ya nini taabu yote hii. Nilipompata laazizi wangu, mtoto wa Sinza, msomi, akaniuliza kwenu wapi, nikamwambia Temeke. Miaka mitatu hiyo, Temeke.

Basi bwana, laazizi akataka Unguja. Si ile Unguja ya kulala ufukweni na madafu, hapana. Alitaka tutembezwe Mji Mkongwe kwa miguu, na mwongoza watalii kabisa, atueleze kila ukuta. "Wazungu wanapanda ndege usiku kucha kuja kuuona," akaniambia, "sisi boti haifiki saa mbili na hatujawahi." Neno hilo lilinichoma. Nikajipindapinda, mshiko ukapatikana, nikakata tiketi mbili za boti ya Jumamosi asubuhi.

Alhamisi jioni nasikia hodi. Shangazi huyo, katoka Mchukwi na kiroba cha mihogo na korosho za kubangua mwenyewe. Kaja kupimwa macho. Ijumaa saa tano kesha maliza, kapewa miwani, na kwa miwani hiyo kitu cha kwanza alichokisoma ni tiketi zangu juu ya televisheni.

"Unguja?" akasema. "Mimi Unguja naisikia tangu nazaliwa. Baba yangu kapakia boriti za kwenda huko mpaka mgongo ukapinda, na mimi sijaiona hata siku moja."

Niambieni, yupo mtoto wa kumwacha shangazi yake nyumbani baada ya maneno hayo? Nikaenda kukata tiketi ya tatu.

Hapo bado sijafanya kosa. Kosa nililifanya Jumamosi, getini, kwenye foleni ya boti. Laazizi kapendeza, kavaa bomba, akamwamkia shangazi kwa adabu zote, kisha akanivuta pembeni akaniuliza huyu mama ni nani. Mdomo ukanitangulia. "Jirani," nikasema. "Jirani wa zamani wa mama, nimeombwa nimsindikize."

Shangazi alikuwa hatua mbili nyuma yetu, anafunga vizuri kanga yake. Nikajipa moyo kwamba hakusikia. Nilisahau kwamba alichokuja kupima Dar ni macho. Masikio yalikuwa mazima.

Bandari ya Malindi, Unguja, ukishuka tu wanakupokea papasi. Papasi ndiyo wale vijana wanaomganda mgeni mpaka atoe kitu, kama wadudu waliowapa jina. Sisi wetu tulikuwa tumemwagiza, kijana mpole, kofia ya mkono kichwani na kitambulisho cha kazi kifuani. Akatusalimia, akamwita shangazi bi mkubwa, kisha safari nzima akawa anaongea na sisi wawili. Bi mkubwa anafuata nyuma na mkoba wake.

Mwanzo wa safari nitaupita haraka. Ukitoka bandarini unakutana na ile Zahanati ya zamani, ina roshani za mbao zilizonakshiwa kama mashuka ya biharusi. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, ndiye aliyeanza kuijenga 1887. Mbele kidogo ni Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sisi wa Bara tumelisoma shuleni, lakini ujue kwamba tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka na watu 2 wakapoteza maisha. Mji mzima ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na urithi ule unahitaji kushikiliwa kwa mikono miwili usianguke. Laazizi alikuwa anapiga picha, na mimi ndiye nimebeba mkoba.

Tulipofika Forodhani mwongozaji akatugeuza nyuso baharini. Asubuhi ya 20 Septemba 1914, akasema, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliibuka mbele ya bandari hii, ikaikuta ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga inatengenezwa mashine. Ikaipiga mpaka ikazama. "Kisha yule Mjerumani akatoroka, akaenda akajificha kwenye mto mmoja huko Bara."

"Mto mmoja," akarudia shangazi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuanze kutembea.

"Una jina huo mto, baba. Rufiji."

"Naam, Rufiji," akasema kijana, akacheka kidogo. Na ni kweli, ndugu msomaji. Mto Rufiji unapokaribia bahari unagawanyika mikono mingi, na mikoko imesimama kila upande, meli ikiingia humo haionekani. Waingereza walihangaika nayo miezi na miezi, wakaleta mpaka ndege, zikawa zinaruka kutoka Mafia kuitafuta. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Shangazi anasema utotoni, waliokwenda kwenye kamba walikuwa wakirudi na habari za chuma kikubwa kilicholala topeni. Hayo alimwambia laazizi, si mimi. Mimi nilikuwa nimejitia kuangalia majahazi.

Tukaingia vichochoroni. Kama hujafika, vichochoro vya Mji Mkongwe havina mchezo. Watu wawili wanene wakikutana, mmoja inabidi arudi kinyumenyume. Ubaridi, harufu ya udi, paka, kibaraza, mzee kakaa anakutazama. Milango yenye vitunguu vya shaba. Kila ukidhani umejua ulipo, umepotea. Laazizi akasema miguu inamuuma, tukaingia nyumba moja ya zamani ambayo chini wanauza chai.

Mwongozaji akanyoosha kidole juu.

"Nyumba zetu hizi," akasema, "kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ndiyo hizo boriti. Sasa tazameni chumba hiki. Kirefu, lakini upana wake kama mita 3 hivi, basi. Mtaingia nyumba zote za Mji Mkongwe, za tajiri na za maskini, mtaona vyumba vyembamba hivihivi. Kwa nini? Kwa sababu mti ulionyooka wa kubeba dari ile ulikuwa haupatikani mrefu zaidi. Tajiri anaweza kuwa na pesa zote, lakini mti ndio uliompimia chumba."

Hapo hata mimi niliweka kikombe chini. Nyumba za masultani, za wafanyabiashara, za mabalozi, wote waliwekewa mipaka na mti.

"Na miti hii haikuota hapa," akaendelea. "Ililetwa kwa majahazi kutoka Bara."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa ile miwani mpya, akaivaa. Akanyanyua kichwa taratibu. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka mhudumu naye akatazama juu.

"Hii ndiyo boriti," akasema. "Ile ya pembeni si boriti, ile mazio. Imepooza ya mwanzo, wakachomeka nyembamba kwa sababu hawakupata ya saizi yake. Ile hapo pau. Wangeweka fito juu ingekuwa kibanda cha kuku." Akasimama, akagusa nguzo ya mlangoni. "Mkoko huu. Kuna na msinzi. Msinzi unanyooka, lakini kuukata uwe na mgongo."

Akaeleza. Unaingia na mtumbwi maji yakijaa. Unakata, unamenya magome, unabeba begani kwenye tope linalofika magotini. Maji yakianza kutoka unawahi mkondo, ukichelewa umelala humohumo na mbu. Zinafungwa kwa idadi, zinapangwa kwa unene, jahazi linakuja kuzichukua. Zamani nyingine zilikuwa zikiishia Unguja, nyingine zikipita moja kwa moja kwenda Arabuni, kwa watu wasio na miti. Mikoko ya delta ya Rufiji inazidi hekta 50,000, hakuna mkoko mwingine mkubwa kama huo kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hiyo namba ni yangu, shangazi hakutaja hekta. Yeye alitaja bega la baba yake, lililokuwa na sugu kubwa kama andazi.

Huyo baba yake ndiye babu yangu. Nimelala kwenye kitanda cha babu huyo kila likizo mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Mwongozaji kafunga mdomo. Akamsogelea. "Bi mkubwa, haya umeyajulia wapi?"

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akanitazama.

"Muulize jirani yangu huyu," akasema.

Ndugu zangu, chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka mhudumu akaleta maji. Nilipopata sauti nikasema, "Aah, wazee hawa wana mambo mengi," nikaita bili. Laazizi alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. Hakusema kitu. Mwanamke akinyamaza namna ile, mwenye akili anajua kuna jambo. Mimi siku hiyo sikuwa nayo.

Tukaenda Mkunazini.

Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa, na juu ya soko lile ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu la Anglikana. Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza tarehe 5 Juni 1873, soko likafungwa. Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ni Askofu Edward Steere, na hata kama hulijui jina lake, umekula jasho lake. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na Kiunguja hichohicho ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe Kiswahili sanifu cha shule zetu. Kwa hiyo ukiona nimekosea sarufi kwenye safu hii, kesi unaijua pa kuipeleka.

Mlangoni shangazi akavua kandambili. Mwongozaji akamwambia hapa si msikiti bi mkubwa, ingia navyo tu. Akajibu, "Mahali watu walipolia siingii na viatu." Akaingia miguu mitupu, viatu mkononi. Laazizi akamtazama, akainama, naye akavua vyake. Nikabaki mimi na raba zangu za Kariakoo.

Ndani mwongozaji akatuonyesha duara la marumaru sakafuni, mbele ya altare. Inasemekana hapo ndipo uliposimama mti wa kuwafunga na kuwachapa watumwa, ili mnunuzi aone nani analia na nani anavumilia. Anayevumilia bei yake ilipanda. Altare imewekwa hapohapo kwa makusudi. Akatuonyesha msalaba mdogo uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone aliyefariki mwaka 1873. Akatuonyesha na nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, ati mafundi walizikosea siku askofu hayupo. Hapo tulicheka kidogo, mcheko wa kanisani.

Jengo la jirani lina vyumba chini ya ardhi, vifupi huwezi kusimama wima, na wageni huingizwa humo waambiwe watumwa walirundikwa humu kungoja mnada. Kijana wetu alifanya jambo lililofanya nimpende. Akasema wapo wanahistoria wanaoona kwamba jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na vyumba vile vilikuwa stoo zao. "Mimi nawaambieni yote mawili," akasema. "Soko lilikuwapo, hilo halina ubishi. Vyumba, amueni wenyewe." Wangapi wanaweza kumwambia mteja hivyo wakati mteja keshalipa atishwe?

Nje uwani kuna shimo, na ndani ya shimo wamesimama watu watano wa kuchongwa, shingoni wana minyororo ya kweli. Aliyewachonga ni Clara Sörnäs wa Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuso zao hazikutazami. Wageni walikuwa wamejipanga kupiga picha, kila mmoja anangoja mwenzake atoke kwenye fremu.

"Hawa," akasema mwongozaji, "wengi walitoka mbali, huko Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa, wakapakiwa majahazini. Soko lilipofungwa biashara ya baharini ikakatika."

"Haikukatika," akasema shangazi.

Safari hii hakusema polepole.

"Ilihamia barabarani. Barabara ya Kilwa hiyohiyo ya kwetu. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za bibi yake. Wakisikia vyuma vinagongana usiku, wanazima moto, wanachukua watoto, wanaingia matete ya mtoni. Mtoto akilia unamziba mdomo. Kuna aliyezibwa sana. Mpaka mimi nakua, mtoto akilia usiku bila sababu, bibi alikuwa anamwambia nyamaza, wanapita."

Mwongozaji alivua kofia, kichwa kikabaki wazi na jua. "Bi mkubwa anasema kweli," akatuambia. Akatueleza kwamba mwishoni mwa 1873 Mwingereza mmoja wa ubalozi wa Unguja, Kapteni Frederic Elton, alitembea njia ya pwani kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, akivuka Rufiji. Soko la Mkunazini limeshafungwa, mkataba umeshasainiwa. Kwa mwezi mmoja tu hesabu yake ya watumwa waliopitishwa njia ile kwenda kaskazini ilizidi watu 4,000. Misafara ya nchi kavu Barghash aliipiga marufuku 1876. Utumwa wenyewe Unguja ulifutwa kisheria 1897, na Tanganyika mpaka 1922.

Kila mwisho wa mwaka nashuka na basi njia hiyo. Nalala usingizi kutoka Mbagala, kondakta ananiamsha.

Laazizi akamshika shangazi mkono. "Kwenu wapi, mama?"

Shangazi akanitazama. Akafungua mdomo, "Wahenga wamesema mkataa kwao..." Kisha macho yakaenda shimoni, kwa wale watano na minyororo yao. Neno la mwisho akalimeza. Nyie mnalijua. Mimi pia nalijua, na kwa jinsi alivyolimeza nililisikia kuliko angelitamka.

"Kwetu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto anayetumwa dukani. "Kwetu Mchukwi, Kibiti. Huyu si jirani. Ni shangazi yangu, dada yake baba, toka nitoke. Zile boriti ni za babu yangu."

Nilingoja dunia ipasuke. Haikupasuka. Mzungu mmoja akatuomba tusogee apige picha.

"Najua," akasema laazizi. "Tiketi zina majina. Ubini mmoja, wako na wake. Nimejua tangu getini Dar. Nilikuwa nangoja nione utafika nayo mpaka wapi."

Kwishnei. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Na msidhani hapo tulikumbatiana kama kwenye filamu za Kihindi. Alimchukua shangazi, wakatangulia, na mimi nikafuata nyuma na mkoba. Nafasi ya bi mkubwa ya asubuhi ile ikawa yangu.

Kutoka Mkunazini mpaka soko la Darajani ni hatua chache tu. Lilijengwa 1904 na zamani likiitwa Estella. Jina la Darajani ni kwa sababu lilikuwapo daraja la kuvuka mkono wa bahari kwenda Ng'ambo. Mkono ule umefukiwa, daraja halipo, jina limebaki na kazi yake. Ukitaka kujua Unguja inakula nini, nenda pale saa samaki wanaposhuka. Mnada unapigwa kwa mwendo ambao mtu wa Bara hawezi kuufuata. Changu, kibua, pweza kaanikwa kama koti, papa mkavu harufu yake inakukuta nje. Upande mwingine iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu kwa vipakiti vilivyofungwa rangi nzuri kwa ajili ya wageni.

Shangazi akachukua kipakiti, akakipima kiganjani, akamuuliza muuzaji, "Hiki bei ya nani?"

"Bei ya kawaida, mama."

"Ya kawaida ya nani? Mimi sina kamera."

Watu wakacheka, muuzaji naye akacheka, wakaenda kupakuliwa karafuu za guniani, robo kilo kwa pesa ya vipakiti viwili. Hapo laazizi alinogewa kabisa. Wakaingia kwenye kanga, wakatoka na doti moja, wakagawana, kila mmoja kipande chake. Mimi sikuulizwa rangi. Mwongozaji tulimwaga palepale. Nikampa chake, akakataa kutoka kwanza, akamwomba bi mkubwa amtajie tena yale majina ya miti, akayaandika kwenye simu: nguzo, boriti, mazio, pau, fito. Akasema kesho ana kundi la Wataliano na hatasema tena "kutoka Bara". Atasema Rufiji.

"Na ule mto nao," shangazi akamwambia. "Usiuache mto mmoja."

Kwenye boti ya jioni wao walikaa dirishani. Nafasi ya tatu ilikuwepo, lakini mkoba wa karafuu ndio uliokaa. Nikasimama. Shangazi alikuwa anauliza mambo ya hesabu. Yule kijana analipwa kwa kila kichwa? Kila siku wanakuja? Kanisani nako wanalipa kuingia? Kisha akasema, kama anayejisemea, "Na Ngarambe je? Ngarambe wangetoza ngapi?"

Laazizi akauliza Ngarambe ni nini. Shangazi akageuka kunitazama, na safari hii hakukuwa na ujanja wa kukohoa.

Nikaeleza, nimesimama, nimeshika bomba. Kwamba Ngarambe iko kwetu Rufiji. Kwamba hapo ndipo alipokaa Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kuchukuliwa na mzimu ndani ya maji ya mto akatoka mkavu, na watu wakatoka mbali, vijiji kwa vijiji, kabila kwa kabila, kwenda kuchukua maji yake ili risasi za Mjerumani zisiwapate. Kwamba vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 na kwisha 1907 chanzo chake kilikuwa hapo, na Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walimnyonga Mohoro, Rufiji hiyohiyo, Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinawaka. Maji hayakuzuia risasi. Lakini watu ambao hawajawahi kusimama pamoja walisimama pamoja, na njia ya kwenda kwake ilijaa kama hija.

Laazizi alinisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu Mkunazini.

"Umeshafika hapo?"

Nikatazama maji. "Sijafika."

"Mchukwi kwenyewe unakujua? Mtu akija utamtembeza?"

"Atamtembeza nini huyu," akadakia shangazi. "Akija anashinda amelala. Nitakutembeza mimi."

Wakapanga palepale, mbele yangu, bila kuniuliza. Jumamosi hii, Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi kesha tangulia nyumbani kuandaa, kasema kutakuwa na kamba kutoka delta na wali wa nazi, na kuna mzee mmoja kijijini anayejua njia ya Ngarambe. Laazizi kakata tiketi ya basi. Moja, ya kwake. Nimempigia jana kumuuliza na yangu je, akaniambia mtu wa Temeke si anajua kituo kilipo.